Swali na Jibu: Chama cha Wafanyakazi Huanzaje?

SWALI: Sisi ni wabanguaji wa korosho kiwandani, Mtwara. Twataka kuunda chama chetu, lakini twaogopa kuachishwa kazi. Tuanzie wapi?

JIBU: Ndugu msomaji, hofu yenu si ya ajabu, kwa kuwa mkono ulioungua kwa mafuta ya maganda ya korosho mchana kutwa ndio huo huo uwalishao watoto jioni, lakini jueni kwa yakini kwamba Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, itumikayo Tanzania Bara, yawapa haki ya kuunda chama na kujiunga nacho, wala haimruhusu mwajiri kumfukuza mtu kwa sababu hiyo.

Kusanyikeni basi wafanyakazi wasiopungua 20, mtunge katiba, mchague viongozi, na katibu aandike kwa hati safi majina ya waliohudhuria na yote yaliyoafikiwa, maana daftari hilo na katiba yenu ndio ushahidi utakaopelekwa kwa Msajili wa vyama vya wafanyakazi kabla ya kupita miezi 6 tangu siku ya kuasisi.

Cheti cha usajili kikisha kupatikana, kazi iliyo kubwa zaidi ni kuwavuta wenzenu kwa subira na hoja, kwani chama kilichosajiliwa, na chenye wanachama walio wengi miongoni mwa wafanyakazi wahusika, ndicho ambacho mwajiri hulazimika kukitambua na kujadiliana nacho kwa nia njema. Kidole kimoja hakivunji chawa.