Mke wangu hukaa upande kwenye pikipiki

SWALI: Kila alfajiri nampeleka mke wangu sokoni kwa pikipiki. Hukaa upande kwa sababu ya khanga, na nikifunga breki huniangukia mgongoni. Nifanyeje?

JIBU: Ndugu yangu, nakuomba kesho apande kwa kutanua miguu, avae suruali ndani ya khanga. Anayekaa upande hana pa kubana kwa magoti, na pindo la nguo huning'inia karibu na cheni na spoku. Likinaswa, humvuta chini kabla hujasikia kelele. Pindo lifungwe vizuri kabla hujawasha injini.

Sasa breki. Ukimbeba mtu, pikipiki huwa nzito na huchelewa kusimama, kwa hiyo anza kupunguza mwendo mapema kuliko unapokuwa peke yako. Tumia breki zote mbili, ukizikaza taratibu. Ukizibana ghafla lazima akuangukie. Naye akushike kiunoni, si mabegani, na kwenye kona alale pamoja nawe.

Tairi la nyuma liongezwe upepo kwa kipimo cha mtengenezaji cha watu wawili. Kofia ngumu ni mbili, na mikanda ya zote ifungwe, hata kama soko ni hapo jirani.