Jinsi ya Kuitunza Sakafu ya Mbao ya Tela
Na mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Kwetu ni Mzenga, Wilaya ya Kisarawe. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, yapita hapo na pana stesheni. Lakini mihogo, mananasi na korosho havitoki shambani kwa treni. Hutoka kwa kichwa, kwa baiskeli, kwa pikipiki, na mwenye uwezo hukodi trekta lenye tela. Baba yangu mdogo ana trekta kuukuu na tela la magurudumu mawili, na kodi ya tela hilo ndiyo iliyoninunulia sanduku, godoro na sare za kuja bwenini.

Likizo ya Desemba iliyopita aliniagiza jambo moja tu: kila jioni nifagie tela na kuzibua nafasi zilizo kati ya mbao. Nilifanya hivyo siku tatu, kisha nikaacha. Tela likakaa chini ya mwembe, mchanga na majani yakilowa mvua za vuli. Mwezi wa Aprili kaka yangu alikuwa juu yake akipokea magunia ya mihogo. Ubao ukakatika, akazama mguu mmoja hadi pajani. Mfupa haukuvunjika, lakini nyama ilichanika, na alikaa wiki sita bila kufanya kazi. Tulipoung'oa ubao ule tuliona kwamba juu ulikuwa mzima, bali chini ulikuwa laini kama mkate uliolowa chai. Kuoza hakukuanza Desemba, najua, lakini uvivu wangu ulikusaidia. Baba mdogo hakunigombeza. Alisema tu, "Ubao hausemi, mwanangu." Tangu hapo nimeuliza fundi seremala wa kijijini na mwalimu wetu wa Biolojia, na haya ndiyo niliyojifunza.

1. Adui wa mbao

Adui wa kwanza ni kuvu. Kuvu ni kiumbe hai. Huula ubao kama sisi tulavyo ugali, naye hahitaji ila hewa, joto na maji. Hewa na joto hatuwezi kuviondoa Pwani, kwa hiyo vita yetu ni juu ya maji. Ubao wenye unyevu chini ya asilimia 20 hauozi. Unyevu huo hupimwa hivi: pima uzito wa kipande cha ubao, kikaushe kabisa katika joko, kisha ukipime tena. Tuseme kilikuwa gramu 130, kikawa 100. Maji ni gramu 30. Gawanya kwa uzito mkavu, 100, upate asilimia 30. Kipande hicho kimo hatarini.

Adui wengine ni mchwa na wadudu watobaji, kisha jua, ambalo huupasua ubao ili maji yapate njia. Mwisho ni msuguano: mchanga chini ya gunia linaloburutwa hufanya kazi ya msasa.

2. Kuchagua mbao

Mninga, mvule na mkongo husifiwa kwa kutooza upesi, na mninga hausinyai sana ukikauka. Lakini sifa hizo ni za kiini cha mti. Sehemu nyeupe ya nje huliwa hata ikiwa ni ya mninga, basi ikatae unaponunua. Mbao za misindano ni rahisi kwa bei, lakini zatakiwa ziwe zimetiwa dawa kiwandani. Nawaomba akina mama wasome hapa: ikiwa mbao zina dawa, vipande vyake visitiwe jikoni, kwa sababu baadhi ya dawa hizo zina aseniki, nayo ni sumu katika moshi na katika majivu.

3. Kuzifunga

Ubao ukilowa hutanuka kwa upana wake, si kwa urefu. Mbao kavu zikibanwa pamoja, masika zitasukumana na kubenuka. Basi tuhesabu. Tela letu lina upana wa milimita 1,800. Mbao 12 za milimita 145 zachukua 1,740, zabaki 60. Kati ya mbao 12 pana nafasi 11. 60 gawanya kwa 11 ni milimita 5 na nusu hivi. Fundi wetu hakupima kwa rula. Aliweka msumari wa inchi 5 kati ya ubao na ubao, akapata karibu kipimo hicho hicho. Nafasi hizo pia ndizo njia ya maji kutokea.

Tumia bolti zenye zinki na washa pana. Msumari hulegea kwa mitikisiko ya njia zetu, kisha huinua kichwa na kuchana magunia na miguu. Kabla ya kufunga, paka vyuma vya chini rangi ya kuzuia kutu, na upake mafuta pande zote nne za kila ubao, kwa maana upande wa chini hautaufikia tena.

4. Kupaka

Wengi hupaka vanishi ili tela ling'ae. Kwa sakafu ya kubebea mizigo haifai: jembe likikwaruza mara moja, maji huingia chini ya vanishi na kukaa humo. Yafaa mafuta yanayozama ndani na kukauka, kama mafuta ya kitani yaliyochemshwa. Paka ubao ukiwa mkavu, subiri yanywewe, futa yaliyobaki, kisha rudia. Anza na ncha za ubao, maana huko mishipa ya mti iko wazi na hunywa maji kuliko mahali pengine popote. Matambara uliyofutia uyaloweke majini au uyatandaze nje. Yakirundikwa huweza kupata moto yenyewe na kuwaka.

Wazee wa pwani waliokuwa na majahazi walijua elimu hii zamani. Walipaka mbao sifa, yaani mafuta ya papa, nazo zikavumilia jua na chumvi. Ila harufu yake ni kali, haifai kwa tela la kubebea chakula.

Oili chafu ya injini hutumiwa na wengi kwa kuwa ni ya bure. Sishauri. Ina madini yenye sumu, huteleza, na mihogo yetu hulala juu yake.

5. Matunzo ya kila siku

Fagia kila jioni na uzibue nafasi. Baada ya kubeba mbolea ya dukani au chumvi, osha kwa maji na uliache likauke, kwani chumvi hula bolti. Usiegeshe chini ya mti. Egesha chini ya paa, au inua mbele ili maji yatiririkie nyuma. Usilifunike kwa turubai lililogusa mbao, litafungia unyevu ndani. Inua magunia, usiyaburute, na ukingo wa nyuma uuwekee ukanda wa chuma.

Kabla ya masika na kabla ya vuli, ingia chini ya tela na bisibisi. Choma kila ubao, hasa panapogusana na chuma. Ubao mzima hukataa, na ukibanduliwa hutoa vibanzi virefu. Uliooza huzama na kukatika vipande vifupi. Huo uondolewe siku hiyo hiyo, si baada ya safari moja zaidi.

Wenzangu, tela likiharibika laweza kutengenezwa. Mguu wa ndugu si rahisi. Likizo ijayo ufagio ni wangu.

Maswali ya kujipima

1. Kipande cha ubao kina gramu 92 kikiwa kibichi na gramu 80 kikiwa kikavu kabisa. Unyevu wake ni asilimia ngapi? Je, kitaoza?
2. Chukua vipande viwili sawa vya ubao. Kimoja kizibe ncha kwa nta. Viloweke vyote siku tatu, ukivipima kila siku. Kipi kimeongezeka uzito zaidi, na kwa nini?