Umra na sindano ya insulini

SWALI: Daktari, mwanangu ana miaka 19 na ana kisukari aina ya kwanza. Tunakwenda Umra. Insulini tuibebeje, na saa za sindano zitabadilika?

JIBU: Mama, saa zisikutie wasiwasi, Makka na Dar es Salaam saa zao ni zilezile. Insulini isiingie kwenye mabegi yanayokwenda chini ya ndege. Huko inaweza kuganda, na iliyoganda hutupwa hata ikiyeyuka. Aibebe mkononi, pamoja na barua ya daktari, mara mbili ya mahitaji ya safari. (Mkoba huo aushike mwenyewe, asikuachie wewe.)

Mimi nahofia zaidi mwendo. Mizunguko saba ya tawafu, kisha sai ya takriban kilomita tatu, huteremsha sukari, hata saa kadhaa baadaye akiwa usingizini. Apime kabla, katikati na kabla ya kulala. Awe na glukosi au juisi karibu. Soda isiyo na sukari haitamwokoa. Dozi ipunguzwe kiasi gani, apangiwe na daktari wake kabla hamjaondoka. Ila insulini ya muda mrefu asiiache kabisa. Kiangazi joto la Makka hupita nyuzi 40, kwa hiyo kalamu ya insulini isikae juani.