Nili, Kaniki na Suruali za Jinzi

Mtu wa Dzaleka akienda Lilongwe kutafuta mitumba, ambayo Wamalawi huiita kaunjika, haachi kukuta marundo ya suruali za jinzi. Wengi hudhani buluu ile ni rangi kama rangi nyingine. Sivyo. Ni nili, na nili ina tabia yake.

Nili haiyeyuki katika maji. Ukitia unga wake ndooni na kuchovya kitambaa, utapata madoa tu. Wajapani wa Tokushima, kisiwani Shikoku, huyalowesha majani makavu ya mnili wao na kuyapindua-pindua katika lundo muda wa siku 100 hivi, mpaka yaive kama samadi. Kisha huyatia pipani pamoja na maji ya majivu na pumba za ngano, yakachacha kama pombe. Vijidudu vilivyomo huibadili nili hata ikayeyuka, na maji yakawa ya kijani-manjano. Kitambaa kikitolewa humo ni kijani. Kikipigwa na hewa hugeuka buluu machoni pako! Atakaye buluu iliyokolea huchovya tena na tena. Na kwa kuwa rangi hushika nje ya uzi zaidi kuliko ndani, hupauka panaposuguliwa. Tazama magoti ya jinzi yako.

Nguo hizo zilikuwa za wakulima. Zilipochanika zilitiwa kiraka juu ya kiraka kwa mshono uitwao sashiko. Leo matambara yale yamo katika majumba ya makumbusho.

Kwetu pwani ilikuwako kaniki, nguo ya nili iliyokolea karibu na weusi, vazi la watumwa na maskini katika karne ya 19. Utumwa ulipokwisha, wanawake wengi waliitupa wakavaa kanga, na nani awalaumu? Lakini ujuzi wa nili ulikuwa wa zamani kuliko aibu hiyo. Katika karne ya 16 watu wa visiwa vya Quirimbas, kaskazini ya Msumbiji, walifuma nguo na kuzitia nili yao wenyewe.

Mwaka 1897 kampuni ya BASF ya Ujerumani ilianza kuuza nili ya kiwandani, na wakulima wa mnili duniani wakakosa wanunuzi. Huko Japani, wakati wa Vita Kuu ya Pili, kilimo chake kilikatazwa ili mashamba yatoe chakula. Wachache waliupanda kwa siri, maana mbegu zake hazikai miaka mingi, na ndiyo sababu mmea ule ungalipo.

Kambi ya Dzaleka, wilayani Dowa, ilifunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza la wafungwa wa siasa. Humo mna mafundi cherehani wengi, na fundi apataye jinzi iliyotoboka ana nili tayari mkononi. Aweke kiraka kwa ndani, achukue sindano na uzi mweupe mnene, apige bandi mistari sambamba, kila mshono ukubwa wa punje ya mchele. Asiuvute uzi sana, la sivyo nguo itajikunja.