ELIMU KWA WANANCHI: HAKI YA NCHI CHINI YA BAHARI NJE YA MAILI 200

Wananchi wengi wanafahamu kwamba nchi yenye pwani ina Ukanda wa Kiuchumi wa Bahari unaofika maili 200 za baharini. Ni wachache wanaofahamu kwamba ardhi ya nchi haikomi ufukweni, bali huendelea chini ya maji, na pengine huvuka maili hizo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982, ulioanza kutumika tarehe 16 Novemba, 1994, unaitambua haki ya nchi juu ya ardhi hiyo.

Haki hiyo haihitaji tangazo. Mpaka wake, hata hivyo, hauna budi kuthibitishwa kama ifuatavyo:

(a) Nchi hupima vina vya bahari ili kuonyesha mahali mteremko wa ardhi yake unapokoma. Kutoka hapo mpaka waweza kusogezwa maili 60, au zaidi iwapo unene wa mashapo unatosha.

(b) Kwa kawaida mpaka hauruhusiwi kupita maili 350 kutoka pwani, au maili 100 kutoka mstari wa kina cha mita 2,500.

(c) Ushahidi hupelekwa mbele ya Tume ya wataalamu 21 katika muda uliowekwa. Mpaka uliowekwa kwa kufuata mapendekezo ya Tume huwa ni wa mwisho.

Tume haiamui ugomvi wa majirani. Eneo linalogombaniwa laweza kukwama miaka mingi. Kwa sababu hiyo mfano wa Morisi na Shelisheli unafaa kuzingatiwa. Nchi hizo zinapakana katika Mwinuko wa Mascarene. Badala ya kushindana, mwezi Desemba, 2008 zilipeleka ombi moja. Tume ilitoa mapendekezo yake Machi, 2011, na Machi, 2012 zilitia saini mikataba ya kusimamia kwa pamoja eneo la kilomita za mraba zipatazo 396,000, ilhali nchi kavu yao yote haifiki kilomita za mraba 3,000.

Izingatiwe kwamba haki hii ni ya sakafu ya bahari tu: madini, mafuta, gesi, na viumbe wakaao sakafuni kama majongoo bahari. Maji ya juu na samaki waogeleao humo hubaki katika bahari kuu, iliyo wazi kwa mataifa yote.

Hivyo udogo wa kisiwa haupunguzi haki yake. Kinachoweza kuipotezea manufaa ni vipimo visivyofanywa, muda uliopita, au ugomvi na jirani usiotafutiwa suluhu.