Tope la Mto Huang He na Kuanguka kwa Nasaba ya Xin

Nasaba ya kifalme ni mfululizo wa watawala wa ukoo mmoja wanaorithishana kiti. Kwa maana hiyo, Xin ya China ilikuwa nasaba kwa jina tu: ilianza mwaka 9 BK, ikaisha mwaka 23 BK, na mfalme wake alikuwa mmoja, Wang Mang. Masimulizi ya anguko lake kwa kawaida huanza na tabia yake na sheria zake. Hapa tutaanza na udongo, kwa sababu asiyeuelewa udongo huo hataelewa kwa nini watu waliokuwa mbali sana na ikulu ndio waliotangulia kuasi.

Kaskazini mwa China, upande wa magharibi, kuna uwanda wa juu uliofunikwa na vumbi laini. Upepo ulilileta vumbi hilo kutoka majangwani kwa muda mrefu mno, likarundikana hadi mahali pengine likapita kina cha mita 100. Chembe zake ni ndogo kuliko za mchanga na hazikushikamana kwa nguvu. Udongo wa namna hii una rutuba na hulimika kwa urahisi, ndiyo maana wakulima waliufyeka tangu zamani. Lakini mvua ikiupiga ukiwa hauna mimea, chembe huachana, na maji yanayoteremka huzichukua. Mto Huang He hupita katikati ya uwanda huo na kupokea yote yanayoteremka.

Chembe ngumu zinazobebwa na maji, kisha zikatua, huitwa mashapo. Katika karne ya 20, kabla ya mabwawa makubwa kujengwa, mto huu ulikadiriwa kubeba takriban tani bilioni 1.6 za mashapo kila mwaka.

Chembe ni nzito kuliko maji, kwa hiyo wakati wote huvutwa chini. Kwa nini basi hazitui papo hapo? Chukua bilauri ya maji, tia kijiko cha udongo, koroga. Maji yakiwa bado yanazunguka, udongo huelea, yakitulia, hushuka. Mtoni ni vivyo hivyo. Maji yaendayo kasi hujaa mizunguko midogo midogo inayozirudisha chembe juu kila zinapoanza kushuka. Kasi ikipungua, mizunguko hudhoofika na chembe hutua. Kasi yenyewe hutegemea mambo kadhaa, na kubwa kati ya hayo ni mwinamo, yaani kiasi ambacho ardhi huteremka kwa kila umbali fulani.

Huang He ukitoka milimani huingia katika tambarare pana ambayo mwinamo wake ni mdogo sana. Hapo kasi hupungua, na mashapo hutua juu ya kitako cha mto, yaani ile ardhi ambayo maji hupita juu yake. Kitako kikiinuka, maji nayo huinuka, na wakazi hujenga matuta marefu ya udongo kandokando ya mto ili yasifurike. Matuta huzuia mafuriko ya mwaka huo. Hata hivyo, kwa kuwa mashapo hayawezi tena kusambaa mashambani, yote hubaki kati ya matuta mawili, na kitako huzidi kuinuka. Wajenzi huongeza kimo cha matuta, na mashapo huongezeka tena. Baada ya vizazi vingi, mto hupita juu kuliko mashamba ya pembeni. Tuta likivunjika wakati huo, maji huteremka kwenye ardhi ya chini, na hayana njia ya kurudi juu yalikotoka.

Watu wa zama hizo walilijua jambo hili. Mwanzoni mwa karne ya kwanza, Wang Mang akiwa bado mtawala wa niaba ya mfalme mtoto, aliwaita Chang'an, mji mkuu, wajuzi wa mito, na walifika kwa mamia. Mmoja wao, ofisa Zhang Rong, alieleza kwamba maji yaendayo kasi hukisafisha kitako chenyewe, na kwamba wakulima wa sehemu za juu za mto, kwa kuyachepusha maji ya kumwagilia, waliupunguza nguvu mto na kuujaza tope. Ni maelezo ambayo mwanafunzi wa leo angepewa alama nzuri kwayo. Mapendekezo yaliandikwa, yakajadiliwa, na hakuna lililotekelezwa.

Wang Mang alipanda kupitia shangazi yake, Wang Zhengjun, aliyekuwa malkia wa nasaba ya Han. Mfalme Ping alipofariki mwaka 6 BK, mtoto mchanga aliteuliwa kuwa mrithi, na Januari mwaka 9 Wang Mang akajitwalia kiti. Alitangaza kwamba ardhi yote ni ya mfalme na haiuzwi, akakataza biashara ya watumwa, akabadilisha sarafu mara kwa mara. Amri ya ardhi aliifuta mwaka 12, lakini matajiri walikuwa wameshamchukia, na wafanyabiashara hawakujua tena fedha yao ina thamani gani.

Katikati ya hayo, mwaka 11, tuta lilivunjika katika jimbo la Wei. Mto uliacha njia yake ya zamani ya kaskazini, maji yakaelekea mashariki. Historia rasmi ya Han inasema kwamba Wang Mang alikuwa akihofia makaburi ya wazee wake yaliyokuwa Yuancheng. Alipoona maji yameyakwepa, hakuliziba pengo. Historia hiyo iliandikwa chini ya nasaba iliyomshinda, kwa hiyo nia anayopachikwa inastahili kupimwa kwa tahadhari. Kwamba pengo halikuzibwa, hilo ni hakika.

Ardhi yenyewe imehifadhi ushahidi. Huko Sanyangzhuang, mkoani Henan, mwaka 2003 yaligunduliwa makazi ya wakulima wa zama hizo yaliyozikwa na mashapo ya Huang He. Vigae vya paa vimebaki, matuta ya shamba yamebaki, na katika tope zilikutwa alama za majani ya mforsadi, mti ambao majani yake hulishwa viwavi wa hariri.

Shamba lililofunikwa kwa tope halivunwi. Mwenye shamba huhama, na anakohamia chakula kilichokuwapo kilitosha wenyeji tu. Njaa ikazidi, na mwaka 18 Fan Chong alianzisha uasi huko Shandong. Wafuasi wake walipaka nyusi rangi nyekundu ili watambuane vitani. Mwaka 22 wakimbizi wa njaa laki kadhaa waliingia eneo la mji mkuu. Serikali iliwatengea nafaka, maofisa wakaiiba, na wengi wa wakimbizi wakafa. Mwaka huohuo Nyusi Nyekundu walilishinda jeshi lililotumwa mashariki.

Waliompindua Wang Mang, hata hivyo, walikuwa waasi wengine, wa Nanyang upande wa kusini. Walishinda huko Kunyang mwaka 23, na Oktoba wakaingia Chang'an na kumuua. Kwa hiyo si sahihi kusema mto pekee uliiangusha Xin. Uliidhoofisha mashariki, majeshi na ghala zikaishia huko, na adui wa kusini akakuta mlango hauna walinzi wa kutosha.

Pengo lilibaki wazi hadi nasaba ya Han, iliyorudishwa baada ya Wang Mang, ilipomtuma mhandisi Wang Jing mwaka 69. Akiwa na vibarua laki kadhaa, alijenga matuta kutoka Xingyang hadi Qiansheng karibu na bahari, umbali unaozidi kilomita 400, na kazi ikakamilika mwaka 70. Hakuurudisha mto kaskazini. Aliuacha katika njia mpya, iliyokuwa fupi zaidi kufika baharini na hivyo yenye mwinamo mkubwa zaidi, na humo ulitulia kwa karne nyingi.