Modemu ikigoma, soma namba kwanza

Leo naongea na wenye steshenari wanaotumia modemu ya USB kwenye kompyuta ya zamani, Windows XP au 7. Huku kwetu Mwera, Pangani, mteja akija kujaza fomu ya mkopo wa chuo akute intaneti imegoma, ndo hela imeondoka hivyo. Kabla hujaita fundi, soma namba ya kosa kwenye skrini. Ile namba inakwambia pa kuanzia.

👉 633: modemu inatumiwa na programu nyingine, au kompyuta haijaitambua. Funga programu hiyo, chomoa modemu, zima na uwashe kompyuta, kisha chomeka tundu lingine.

👉 691: jina au nywila imekataliwa. Hakiki ulichojaza.

👉 619 au 734: imeanza kuunganisha ikakatika. Angalia namba ya kupiga, kwa kawaida *99#, na APN, yaani jina la mlango wa intaneti wa mtandao wako. Umebadili laini? Badili na APN.

👉 678: upande wa pili haujaitika. Sogeza modemu dirishani, jaribu tena.

Bado? Weka laini kwenye simu. Ikigoma na huko, shida ni laini, bando au mtandao, kompyuta haihusiki.

Angalizo: Microsoft iliacha kuihudumia XP mwaka 2014 na Windows 7 mwaka 2020. Mambo ya benki usifanyie humo.

Nakili namba hizi, bandika ukutani. Wewe imekutokea namba gani?